Njia ya chemchemi, kiti mwendo na hela ndogo: maneno ya nesi kwa akina mama wa Iyula

SEHEMU YA 1

Mmezoea niwaandikie mambo ya kliniki, chanjo na uji wa lishe. Leo mtanisamehe, naandika kuhusu njia. Njia ya miguu, hii hii tunayopita kila siku na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Maneno ni mengi, kwa hiyo nimeyakata vipande ili wenye bando dogo wasome kidogo kidogo. Akina baba mnaopita humu karibuni pia, ila kaeni nyuma kwanza.

Imeanza hivi. Kuna mama alikuja kuchukua dawa za kifafa za binti yake wa miaka saba. (Nimemwomba ruhusa kusimulia, na vitu vingine nimevibadilisha ili asijulikane.) Binti ana mtindio wa ubongo, hatembei, lakini anacheka, na ukimwita jina anageuka. Siku ile nikamwona amepauka. Nikamuuliza mama, "Huyu anaota jua?" Akanyamaza. Nikamuuliza tena, "Mara ya mwisho ametoka nje ya ua lini?"

Akahesabu kwa vidole, jamani. Akasema, "Nesi, tangu Krismasi."

Tulikuwa tumeshamaliza Pasaka.

Nikataka kuanza kugomba, maana sisi manesi mnatujua, mdomo ndio kipimo chetu cha kwanza. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Sasa nimpeleke wapi dada? Mgongoni simuwezi tena, amekua. Kiti mwendo tulipewa. Kinatoka mlangoni vizuri, kikifika kwenye mtaro kinakwama. Nilijaribu mara mbili, mara ya pili kikapinduka naye. Sasa hivi tumekiwekea nguo."

Kiti mwendo kimekuwa kabati. Nilikaa na hilo neno siku nzima. Hicho kiti kuna mtu alikitoa, kuna mtu alisaini, kuna picha ilipigwa siku ya makabidhiano. Ila ardhi ambayo kiti kitapita hakuna aliyeiwaza.

SEHEMU YA 2

Wengine mmeshaanza kuniandikia inbox, "Nesi, mtoto mgonjwa atatoka nje afanye nini, si atapata baridi?" Ngoja tusemezane.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka 1 mpaka 4 anatakiwa kuwa kwenye mwendo, kutambaa, kukimbia, kurukaruka, angalau dakika 180 kwa siku. Masaa matatu hayo, siyo kwa mkupuo, ni kwa kujumlisha. Aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya simu wala televisheni kabisa. Na kuanzia miaka 5 mpaka 17 wanasema wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayomfanya mtoto ahemee. Mwaka 2020 wakatoa mwingine, na ndani yake wakawataja wazi watoto na watu wazima wenye ulemavu: na wao wanahitaji mwendo, kila mmoja kwa kadiri ya mwili wake.

Nyie wajawazito, mwongozo huo unasema dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama hakuna tatizo linalokataza. Kutembea kunatosha. Ila sikilizeni hapa: ukiona damu, ukipata kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, au maji kutoka, hapo hakuna matembezi. Hapo ni bodaboda na hospitali, saa hiyo hiyo.

Baridi ya Mbozi naijua, nimezaliwa kwenye hiyo baridi. Mwezi wa sita na wa saba tunawafunga watoto kama furushi na kuwafungia ndani na jiko la mkaa. Mnakumbuka nilivyowaandikia kuhusu jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, sirudii. Jua la hapa kwetu hata mwezi wa saba linawaka mchana, na mwili wa mtoto unatengeneza vitamini D kwa jua hilo. Anayekaa ndani mwaka mzima mifupa yake inalegea. Matege mengine tunayolaumu uchawi na kurithi yanatokana na kivuli.

Sisemi jua na matembezi yanaponya mtindio wa ubongo. Hayaponyi. Atakayekuja kukuuzia maneno hayo mfukuze. Mtoto yule anahitaji dawa zake na mazoezi ya viungo anayofundishwa mama yake, na yataendelea miaka mingi. Lakini mtoto anayeona ng'ombe, anayesikia wenzake wakipiga kelele mtoni, anayepigwa na upepo usoni, ni mtoto anayeishi. Na mama yake naye anaishi. Mimi kwenye zamu zangu nakutana na wamama wa watoto wenye ulemavu ambao hawalali, hawali, wanalia bila sababu wanayoweza kuitaja. Wengi wao hawajatoka na mtoto wao nyumbani mwezi mzima isipokuwa kuja kwetu. Hospitali ndiyo imekuwa matembezi yao. Hilo linaniuma.

SEHEMU YA 3

Sasa tufike kwenye chemchemi.

Wa Iyula mnaijua, wa mbali niwaeleze. Kuna eneo la kijiji pale bondeni, chemchemi iko chini ya mikuyu mikubwa, na juu yake kuna kipande cha msitu ambacho wazee walikuwa hawaruhusu mtu kukata. Bibi yangu alikuwa anatuambia ukikata mkuyu wa maji, maji yanahama usiku. Tulikuwa tunacheka. Sasa naona mahali watu walipokata mikuyu wakapanda mikaratusi, maji kweli yamehama, tena hata hayakusubiri usiku.

Njia ya kwenda pale inaanzia karibu na barabara, inapita nyuma ya shule, inashuka. Tunapita kuchota maji, watoto wanapita kwenda shule, na wamama wa upande wa pili wanapita kuja kliniki. Nilipokuwa mdogo ilikuwa pana, baiskeli mbili zinapishana. Leo ni mstari. Kila msimu jembe linasogea kidogo, kila msimu kahawa na mahindi yanaongeza mstari mmoja. Hakuna aliyeiba njia kwa siku moja, tumeila kidogo kidogo kama panya anavyokula sabuni. Nami nisijitoe: shamba la ukoo wetu linapakana na hiyo njia, na sina uhakika mpaka wetu uko pale babu alipouacha.

Kinachonifanya niandike leo na siyo mwaka kesho ni kwamba kuna maneno yanazunguka kwamba lile eneo la juu ya chemchemi ligawanywe viwanja. Wengine wanalitaka kwa ajili ya tofali za kuchoma, maana udongo ni mzuri, maji yako karibu na kuni zimesimama pale pale. Wanaosema hivyo siyo watu wabaya. Ni vijana wanaotafuta hela, na mmoja ni shemeji yangu, atasoma hapa na atanipigia simu. Shemeji, piga tu.

Lakini ukichoma tofali pale miaka mitatu, mwaka wa nne hutakuwa na kuni wala maji, na njia itakuwa korongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 za usalama kutoka kingo za mito na mabwawa, na ndizo hizo mita 60 maafisa wetu wanazitaja kila siku wakizungumzia vyanzo vya maji. Mita 60 ni hatua ngapi za mtu mzima? Kama themanini hivi. Nendeni mkapige hatua halafu mniambie tofali zimebakiza ngapi.

Maoni yangu ni haya. Lile eneo libaki la kijiji, litengwe kwa mkutano, na tuombe hela ndogo tutengeneze njia moja ambayo kiti mwendo kinapita, kutoka barabarani mpaka kwenye mikuyu. Chini ya mikuyu tuweke madawati ya kukaa na choo kimoja ambacho mama anaweza kuingia na mtoto. Sitaki geti, sitaki hoteli, na banda la soda juu ya chanzo cha maji silitaki.

SEHEMU YA 4

Mtu akanijibu kwenye sehemu iliyopita: "Nesi, sisi si tuna Kimondo? Tujenge huko, huku kijijini matembezi ya nini?"

Nakipenda Kimondo kuliko mnavyodhani. Wa mikoa mingine, Kimondo cha Mbozi kiko kijiji cha Ndolezi, hapa hapa wilayani kwetu. Ni jiwe lililotoka angani, na kusema jiwe ni kulionea, ni chuma: karibu asilimia 90 ni chuma na asilimia 8 na kitu ni nikeli. Kina urefu wa kama mita 3, na uzito wanaotaja siku hizi ni kama tani 16. Wenyeji walikijua zamani. Dunia ya vitabu ikakisikia mwaka 1930 mpima ardhi mmoja alipokiandikia taarifa. Sasa kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Na tarehe 30 Juni ni siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kukumbuka haya mambo ya vimondo, kwa hiyo mnaotafuta siku ya kuwapeleka watoto, hiyo hapo.

Mimi wanangu wawili nimewapeleka. Mdogo alikipiga kofi akasema, "Mama, hili ni sufuria!" Mkubwa akauliza kama kilianguka juu ya mtu. Tumerudi nyumbani wiki nzima wanachora vimondo ukutani kwa mkaa. Kwa hiyo sina ugomvi na Kimondo. Serikali iendelee, wageni waje, hela iingie.

Ila Kimondo ni pa kwenda mara moja kwa mwaka, ukipata nauli. Dakika 180 za mtoto ni za kila siku. Mtoto anahitaji mahali anapoweza kwenda Jumanne, mama akiwa na kanga na ndala, bila nauli na bila kuvaa nguo ya sikukuu. Ndiyo maana napigania mita mia nne za Iyula.

Na kuna kingine. Mwaka jana kikundi chetu cha wamama tulienda sehemu moja ya matembezi, siitaji. Tulikuwa na mama mwenye kijana wa miaka 12 anayetumia kiti mwendo. Pale mlangoni kuna ngazi tano. Tano tu! Wanaume wawili tusiowajua wakakibeba kiti na kijana akiwa ndani. Watu wakasimama kutazama, mmoja akatoa simu. Kijana akalia. Nikadhani anaogopa kudondoka, nikamwambia usiogope. Akaniambia, "Siogopi, shangazi. Wananiangalia."

Tulipofika ndani pazuri kweli, maua, bembea, lakini yeye hakutaka kushuka kwenye kivuli. Alikaa mpaka tukaondoka.

Kujenga ngazi tano na kujenga mteremko havitofautiani sana gharama ukianza navyo. Ukija kurekebisha baadaye ndipo inauma. Hesabu wanayotumia mafundi ni rahisi: kila sentimita 1 ya kupanda, upe sentimita 12 za kwenda mbele. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka mteremko wa sentimita 180. Andikeni kwenye daftari, mkijenga hata choo cha nyumbani mtakumbuka. Bibi mwenye magoti atawashukuru, mjamzito wa miezi tisa atawashukuru.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu Tanzania iliridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja michezo, mapumziko na burudani, tena inawataja watoto. Mkataba wa haki za mtoto tuliridhia mwaka 1991, ibara ya 31 ni mchezo na mapumziko. Sikuyajua haya chuoni, nimeyasoma usiku wodi ikiwa imetulia. Nilichojifunza ni kwamba tunachoomba kilishakubaliwa zamani na watu waliovaa suti. Sisi tunaleta moramu tu.

SEHEMU YA 5

Hela sasa. Hapa ndipo wengi mnaposinzia, amkeni.

Kwanza kuna ule mkopo wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wengi mnaufahamu, ulisimamishwa mwaka 2023 ukarudi 2024. Hauna riba, ni mzuri. Lakini ni MKOPO. Njia haiuzi vitumbua. Mkikopa mtengeneze njia, mtarudisha na nini? Kwa hiyo mkopo tumieni kwa biashara zenu, kwa njia tutafute ruzuku, ambayo hairudishwi lakini inatolewa hesabu.

Ruzuku ziko za aina nyingi, nitaje mbili ninazozijua. Kuna Mfuko wa Misitu Tanzania, ulioanzishwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Una ruzuku za madaraja, kuanzia ndogo, kwa ajili ya kutunza misitu, kupanda miti na mambo yanayofanana na hayo, na vikundi vya vijijini vinaruhusiwa kuomba. Halafu kuna Mpango wa Misaada Midogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unaosimamiwa na UNDP. Huo ulianza duniani mwaka 1992, na kwa miaka mingi ukomo wake kwa mradi mmoja ulikuwa dola 50,000. Msishtuke na hiyo namba, hatuhitaji hata robo yake. Uzuri wake ni kwamba hela inakwenda kwa kikundi chenyewe. Kuanzia mwaka 2000 mpango huo ulikuwa na kazi maalumu kwenye vijiji vinavyozunguka Kilimanjaro na Mlima Kenya, vikundi vya kawaida kabisa vya wanakijiji. Wachaga wana mifuko miwili na sisi Wanyiha tuna mfuko mmoja? Hapana. Tofauti ni kwamba wenzetu waliandika.

Nairobi nako kuna msitu wa Karura. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa pale, akipinga msitu usigawanywe kwa wajenzi. Miaka mitano baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Leo wakazi wenyewe kupitia chama chao wanausimamia pamoja na serikali, njia za kutembea ni kilomita kadhaa kwa kadhaa, na familia zinakwenda wikendi na watoto na chakula kwenye kapu. Hapo zamani ulikuwa ni msitu wa kuogopwa. Njia ndizo zilizoleta watu, na watu ndio waliofukuza wahuni. Kwa hiyo anayesema "tukiweka njia watakuja wavuta bangi", nasema wapo tayari, ndugu. Wako pale kwa sababu sisi hatupo.

Sasa nisiwadanganye. Hela ndogo zina ugonjwa wake, na nimeuona. Mnapita barabarani mnaona bango: MRADI WA nini na nini, UMEFADHILIWA NA fulani. Bango linang'aa. Mradi wenyewe ulikufa siku picha ya mwisho ilipopigwa. Kwa nini unakufa? Kwa mtazamo wangu, kwa sababu watu wanaomba hela ya kujenga na hawaombi ya kutunza. Wanajenga kitu ambacho hakuna anayepita kila siku, na aliyekuwa mwenyekiti anahamia Tunduma na mihuri yake.

Ndiyo maana nang'ang'ania njia hii na siyo bustani mpya juu ya kilima. Njia hii tayari ina miguu. Kuna wamama wanaopita alfajiri na watoto wanaopita saa moja. Mvua ikikata kipande, atakayeona wa kwanza ni mwenye ndoo, siyo mgeni wa Agosti. Na huyo mwenye ndoo atapiga kelele, namfahamu.

Tulimwita fundi mmoja, baba wa mtoto tuliyemzalisha mwaka juzi, akatupigia hesabu bila malipo. Njia ya mita 400, upana mita 1 na nusu, moramu ya kushindilia unene wa sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 60. Kwa tipa la mita 5, tripu 12. Mitaro pembeni, makalvati mawili, mawe ya kwetu, nguvu za kwetu. Pale kwenye mteremko mkali njia izunguke badala ya kushuka moja kwa moja. Kila hatua hamsini, mahali tambarare pa kupumzika, kwa anayesukuma kiti na kwa mwenye mimba. Akasema kazi ifanyike kati ya mwezi wa sita na wa kumi, kabla mvua hazijaanza. Akaongeza kwamba kila mwaka mwezi wa tano lazima mtu afyeke na kuzibua mitaro, la sivyo miaka mitatu itakuwa imekwisha. Nikamuuliza nani afyeke. Akacheka akasema, "Hilo siyo la fundi, nesi."

Kwa hiyo kwenye maombi tuandike na mfyekaji. Tuandike jina la kikundi na zamu zake, kama tunavyoandika zamu wodini. Zamu isiyo na jina la mtu huwa haina mtu.

SEHEMU YA 6

Namalizia na wanaonipinga, maana wapo na wengine wana hoja.

Kuna dada aliniandikia kwa hasira: "Nesi, wewe unajua wodi hazina vifaa, wamama wananunua glovu, leo unatuletea habari za kutembea kama Wazungu?" Dada, umenigusa mahali panapouma. Hela ingekuwa kwenye kapu moja, na mimi ndiye ninayechota, ningenunua glovu kwanza, na gari la wagonjwa pili, njia ingesubiri. Naapa. Lakini makapu hayako hivyo. Mfuko wa misitu hauwezi kununua glovu hata ukipigiwa magoti. Hela hiyo tusipoiomba sisi haiendi wodini, inakwenda kijiji kingine. Pia kuna wagonjwa ninaowapokea wodini ambao wasingefika kama wangekuwa na mahali pa kutembea: presha, sukari, wamama wa miaka 40 wasioweza kupanda ngazi.

Na hilo la Wazungu. Nani aliwaambia kutembea ni kwa Kizungu? Bibi zetu walitembea mpaka Mbeya. Tulichoacha sisi ni kupumzika njiani chini ya mti pamoja na watoto, na kusimuliana. Hicho ndicho nakitaka kirudi.

Mzee mmoja ninayemheshimu alisema mtoto mwenye ulemavu akitolewa nje watu watasema. Shikamoo mzee. Watasema, ndiyo. Watasema wiki ya kwanza na ya pili, ya tatu watakuwa wanasalimia. Nimeona hivyo kwa mtoto wa kichwa kikubwa na mgongo wazi wa jirani zetu, aliyetolewa nje kwa nguvu na bibi yake, kila siku, mpaka watoto wa mtaa wakawa wanagombea kumsukuma. Anayemzoesha mtoto kwa watu ni mtu mmoja mkaidi. Lakini hata mtu mkaidi anahitaji ardhi tambarare.

Na vijana wa tofali. Kwenu sina jibu zuri, nakiri. Hela mnayoikosa pale ni ya kweli, na njia haitawapa yote. Kazi ya moramu na mitaro iwe yenu kwanza, mlipwe, isiwe ya kujitolea huku wengine wanakula posho za semina. Hilo nitalisema mkutanoni mbele ya kila mtu. Na udongo mwingine upo mbali na maji. Tuutafute pamoja, hata kama tripu za kuni zitaongezeka.

Sasa ya vitendo. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kila miezi mitatu, na ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Huo siyo mkutano wa wanaume na wazee, ni wetu. Ardhi ya kijiji haigawanywi kwenye benchi la kahawa. Jumamosi hii saa nne ajenda ya lile eneo itasomwa. Bila muhtasari wa mkutano unaosema eneo limetengwa, hakuna mfuko utakaotusikiliza, hilo ndilo karatasi la kwanza wanaloliuliza. Baada ya hapo tunamwona afisa maendeleo ya jamii wa kata kwa usajili wa kikundi, katiba na akaunti ya benki. Majina tunayo kumi na nne mpaka leo, tisa wana watoto wenye ulemavu. Nataka na wasio nao.

Njooni na watoto. Yule mama wa kiti kilichogeuka kabati amesema atakuja. Tumekubaliana mimi na mume wangu tutakwenda kwake saa mbili na nusu, tutoe nguo kwenye kiti, tumsukume binti mpaka mkutanoni kwa kupitia njia hiyo hiyo. Tutakwama kwenye mtaro, najua. Nawaomba viongozi mje mtupokee hapo kwenye mtaro, siyo ofisini, ili mkutano uanze mkiwa mmeshaushika mpini wa kile kiti kwa mikono yenu.

Mimi Ijumaa niko zamu ya usiku, kwa hiyo mkiniona nasinzia mstari wa mbele mniguse. Anayeweza kuleta mkeka wa ziada aandike hapa chini. Na mwenye chepe.